Alama ya Zambarau

Jina alilopewa alipozaliwa lilibaki kinywani mwa mama yake tu. Wengine wote, kuanzia wafagiaji wa kituo cha afya hadi wagonjwa walioletwa kwa machela, walimwita Wembe. Mwanzoni walimwita hivyo akiwa amegeuza mgongo. Siku moja akalisikia, akalipenda, na toka hapo akawa analiitikia.

Jina lenyewe lilitokana na mkono wake na ulimi wake. Alikuwa muuguzi, lakini muuguzi wa namna ambayo mtaa ule ulikuwa haujaizoea. Alikuwa amerudi darasani akiwa mtu mzima mwenye mvi za pembeni, akatoka huko na ruhusa ya kupima na kuandika dawa, kupasua majipu, kutoa vinyama, kushona waliokatwa na mabati, na kuwachagua wanaohitaji upasuaji mkubwa. Daktari wa upasuaji alikuwa akija kwa zamu kutoka hospitali kubwa. Siku akija alikuta wagonjwa wamenyolewa, hawajala, wamelala kwa mpangilio, na kila mmoja amechorwa alama mahali pa kukatwa. Kituo kizima hakikuwa na mtu mwingine wa kuifanya kazi hiyo, na mshono wa Wembe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba wanawake walionyeshana makovu yao kama watu wanavyoonyeshana kitambaa kizuri.

Huo ndio mkono. Ulimi ulikuwa habari nyingine. Mgonjwa hakuitwa kwa jina, aliitwa kwa ugonjwa wake.

"Jipu, ingia. Wewe kikohozi, geukia ukutani, usitugawie ulichokuja nacho. Mimba ya saba, kaa chini, najua unakuja kuniambia nini."

Watu walicheka, kwa sababu aliyekuwa anasemwa alikuwa mwingine. Ikifika zamu yako, benchi lilikuwa linacheka nawe uko ndani nyuma ya pazia la kijani, jasho linakutoka. Kina mama waliwasugua watoto masikio kabla ya kuja, wasije wakasemwa. Mzee mmoja aliyekosa kumeza dawa zake alizimwaga chooni zote, ili aweze kusema amezimaliza.

"Mimi sikuajiriwa kubembeleza," ndivyo alivyojibu mtu akijaribu kumshauri. "Anayetaka kubembelezwa arudi kwa mama yake."

Na ndugu ndio waliokiona cha mtema kuni, maana hakutaka isemwe kwamba anapendelea. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akipakua mbao kwenye ghala la mbao na kuitwa Winchi kwa ajili ya nguvu zake, alikuja siku moja na kidole kilichopasuka, akalipita benchi, akafungua pazia.

"Dada, nimejikata."

"Nimeona. Sasa ona na wewe. Pale ni benchi, na mwisho wake ni kule mlangoni."

"Dada, damu inatoka."

"Wote hawa wana damu. Tumbo moja ndilo lililotutoa mimi na wewe, lakini benchi hili halikutoka tumboni mwa mama. Nenda kakae."

Benchi lilikufa kwa kicheko. Winchi alikwenda mwisho wa foleni, kidole amekifumbata kwenye shati, na yeye mwenyewe anacheka. "Huyo ndiye dada yangu," akawaambia waliokaa karibu naye, kama mtu anayetamba kwa kumiliki mbwa mkali. Toka siku hiyo hakulipita benchi tena.

Wakubwa wa hospitali hawakumpenda Wembe. Ruhusa yake ilikuwa ya majaribio, yeye akiwa wa kwanza, na nyuma yake kulikuwa na wauguzi vijana waliokuwa wakisubiri kuona yeye ataishia wapi ndipo nao wapelekwe kusoma. Mmoja wao alikuwa akifanya naye kazi palepale kituoni, binti mtulivu aliyeitwa Mdogo. Daktari mmoja mkubwa alikuwa amesema kwenye kikao, Wembe akiwa amekaa palepale, "Leo mnampa muuguzi kisu, kesho ataomba na koti langu." Walikuwa wanasubiri ateleze mara moja tu. Yeye alijua, ndiyo maana alikuwa hatelezi.

Kisha Winchi akapata ngiri.

Ilikuwa upande wa kulia, chini ya tumbo, penye mkunjo wa paja. Akisimama au akikohoa, uvimbe ulitoka ukajaa kiganja. Akilala chali, utumbo ulirudi ndani na ngozi ikatulia kana kwamba hapajawahi kuwa na kitu. Wembe alimpima, nyuma ya pazia, baada ya kumngojesha kwenye foleni kama wengine.

"Hii ni ya kushonwa," akamwambia. "Siku daktari akija, wewe ni mmoja wao. Na mbao uziache."

"Nile nini?"

"Kula maneno yangu. Ukichelewa, siku moja utumbo utatoka ukanase hapohapo, uoze ungali hai. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada. Una namna nzuri ya kumpa mtu moyo."

Mkewe alikuwa amejifungua siku chache nyuma, kwa hiyo aliyekuja kumkalia wodini alikuwa mama yao. Mama alikuwa mtu wa sala. Hakuanza jambo bila kumtaja Mungu, wala hakulimaliza bila kumshukuru, na kwake usafi ulikuwa sehemu ya ibada: mtu hamwendei Muumba wake na vumbi la ghala. Asubuhi ya upasuaji alikuja na ndoo ndogo, kitambaa na kipande cha sabuni.

Siku hiyo Wembe alikuwa ameamka anawaka. Mfagiaji alikuwa ameacha maji kwenye ujia, machela ikateleza. Alipita kitanda hadi kitanda na kalamu nene ya wino wa zambarau, anawachora wagonjwa mshale mahali pa kukatwa, na huku kichwa amekigeuza anamsema mfagiaji aliyekuwa mlangoni. Alipomfikia mdogo wake maneno yalikuwa bado yanamwagika.

"Dada, angalia unapochora," Winchi akasema. "Usije ukanichora masharubu."

Alimpiga kofi la paja, akachora, akaendelea kumsema mfagiaji. Ilikuwa muhimu kuchora, na kwa ngiri ilikuwa muhimu kuliko kwa mgonjwa mwingine yeyote, kwa sababu mtu akilala uvimbe unapotea, na akiwa kwenye usingizi wa dawa hawezi kuulizwa. Daktari angefuata mshale.

"Mwanangu," mama akasema kwa sauti ya chini, "aende hivihivi bila kuoga?"

Wembe alimgeukia. Wodi nzima ilikuwa inasikiliza.

"Mama, anakwenda kupasuliwa, haendi harusini. Ameshanyolewa, ameshapakwa dawa, ameshachorwa. Weka hiyo ndoo chini ya kitanda na usiguse kitu. Kama unataka kazi, kuna ujia wa kufuta kule nje, huyu mfagiaji wetu ameshindwa."

Watu walicheka. Mama akacheka nao kidogo, kama mtu anavyocheka akiwa hana pa kuficha uso, akaisukuma ndoo chini ya kitanda. Muuguzi mwingine akaja na dawa ya kumtuliza mgonjwa. Wembe akaiacha kalamu kwenye kitoroli, akarudi kwenye chumba chake cha nyuma ya pazia. Alikuwa amekula kiapo kwamba hatashika chombo juu ya mwili wa damu yake. Aliyeingia chumba cha upasuaji kumsaidia daktari alikuwa Mdogo.

Asubuhi ya pili yake alipita wodini kubadilisha bandeji. Akafika kwa Winchi, akafunua shuka, na mkono wake ukasimama hewani.

Bandeji ilikuwa upande wa kushoto.

Alifikiri ni macho. Akamwambia mgonjwa akohoe. Winchi akakohoa huku akikunja uso kwa maumivu, na kule upande wa kulia, penye ngozi isiyoguswa, uvimbe ukapanda ukaja kumsalimia. Kando ya bandeji, upande wa kushoto, mkia wa mshale wa zambarau ulikuwa bado unaonekana, mnene, uliokandamizwa.

Alifunika shuka. Mama alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, anamtazama usoni. Wembe hakumwuliza kitu. Alimwona daktari uani, anaweka mkoba wake kwenye gari.

"Daktari, ile ngiri ni ya kulia."

"Alama ilikuwa kushoto," daktari akasema. "Nimekata penye alama yako."

"Hukukuta kitu pale."

"Nilikuta udhaifu kidogo, nikauimarisha. Mtu anayebeba mbao maisha yake yote ana udhaifu kila upande." Alifunga mlango wa gari, kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Unajua wanavyokuzungumzia kule. Mimi sina ugomvi nawe, kazi yako ni nzuri. Ukitaka tuseme tumekosea upande, tutasema, na kesho hakuna muuguzi atakayeshika hata mkasi wa kucha katika vituo vyote hivi. Ukitaka tuseme tulianza na upande dhaifu na ule mwingine safari ijayo, hakuna aliyekufa. Chagua wewe. Alama ni yako."

Alisimama pale uani mpaka gari likapotea. Aliutafuta mkono wake wa jana kichwani asiuone. Alikumbuka uso wa mfagiaji, akakumbuka kofi la paja, lakini mshale wenyewe ulikuwa umetoka wapi na kwenda wapi hakuuona. Alikuwa anasema wakati anachora. Basi ni yeye. Miaka yote hakuteleza, na siku ya kuteleza ilikuwa juu ya ndugu yake.

Akarudi wodini.

"Nisikilize," akamwambia Winchi. "Tumeanza na upande dhaifu. Ule wa kulia utashonwa daktari akija tena."

Winchi alitazama bandeji, akatazama upande wa pili. "Upande huu ulikuwa unaniumiza lini?"

"Ulikuwa unakuja. Tumeuwahi."

"Na huu uliokwisha kuja, tukaukaribishe chai?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka, Winchi akacheka, akashika mshono kwa maumivu. Mama hakucheka. Alipiga magoti pale chini, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, machozi yanamtoka, anasema Bwana ni mwema, Bwana hakosei, hata pale binadamu asipoona Yeye anaona.

"Mama," Wembe akasema, "hapa si mahali pa kulia. Kalie nje."

Daktari hakuja tena. Alihamishiwa kwingine, na aliyeteuliwa kuchukua nafasi yake alichelewa kuripoti. Winchi alikaa nyumbani mshono unapona, na uvimbe wa kulia unatoka na kurudi. Wenzake wa ghalani walipita jioni kumtania. "Winchi imekatika waya," walisema. "Tumwite sasa Kijiko." Alikuja kituoni, akakaa kwenye foleni, zamu yake ilipofika akauliza daktari anakuja lini.

"Nimesema subiri. Mimi ndiye ninayemzaa huyo daktari?"

"Dada, niambie tu kama ni hatari."

Hapo ndipo angeweza kumwambia. Angeweza kumwambia kwamba alikosewa, apelekwe hospitali kubwa haraka, na akifika huko aseme ukweli wote. Lakini huko hospitali kubwa wangemfunua, wangeona kovu upande mmoja na ngiri upande mwingine, wangeuliza nani alichora.

"Ikitoka ikakataa kurudi, uje mbio," akamwambia. "Mbao usishike. Mwingine."

Alizishika mbao. Hakuzishika zote, alianza na zile nyembamba. Siku alipojaribu gogo, mbele ya wale waliomwita Kijiko, uvimbe ulitoka ukawa mgumu kama jiwe, haukurudi. Alilala nao nyumbani kwa sababu alikuwa amekatazwa mbao na alijua atakavyosemwa. Asubuhi akaenda kituoni akijikongoja. Benchi lilikuwa limejaa. Alikaa mwishoni, mlangoni.

Wembe alikuwa ndani, nyuma ya pazia, anasafisha kidonda cha mtu. Alisikia mtu anatapika huko nje, na watu wanasogeza miguu.

"Nani huyo ananitapikia sakafu?" akapaza sauti bila kuinua kichwa. "Ndoo zipo hapo mlangoni, au mnadhani ni mapambo?"

Kisha sauti iliyochoka ikajibu, "Ni mimi, dada. Napiga deki sasa hivi."

Alitoka na glovu zake mikononi. Winchi alikuwa amepiga magoti, amevua shati, anafuta matapishi yake nalo. Matapishi yalikuwa na rangi ya nyasi. Uso wake ulikuwa umeingia ndani.

"Toka saa ngapi umekaa hapa?"

"Mbele yangu wamebaki wachache tu," Winchi akasema. "Sikuruka mtu."

Walimkimbiza hospitali kubwa. Wembe alikaa naye nyuma ya gari, kichwa chake mapajani, njia nzima. Huko walimpasua wakakuta kipande kirefu cha utumbo kimekuwa cheusi. Walikitoa, lakini sumu ilikuwa imekwisha kusambaa. Alizinduka mara moja tu. Alimwomba dada yake amsamehe kwa lile gogo. Mungu akamchukua, akamwacha mke na mtoto asiyejua hata kutambaa.

Waombolezaji walipotawanyika na mikeka kukunjwa, mama alimwita binti yake chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Funga mlango," akasema. "Nina neno limenikaa kifuani, na sala hailiondoi."

Wembe alifunga, akakaa sakafuni.

"Siku ile uliponiambia haendi harusini, ukatoka," mama akasema. "Mimi nikasema, mwanangu analazwa usingizi ambao hatajiamsha mwenyewe. Aende mchafu? Nikamwosha. Dawa yenu ilikuwa imeshamlegeza, tena amejifunika shuka usoni kwa aibu ya kuoshwa na mama yake. Nikapitisha kitambaa chenye sabuni pale penye ule mshale. Ukatoka wote, kama wino wa watoto wa shule."

Wembe aliinua kichwa.

"Kwa nini hukuniita?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, mama? Kuchora ni kazi ya kufumba na kufumbua."

"Nilikuogopa wewe. Ulikuwa umeshanisema mara moja asubuhi ile mbele ya watu. Sikutaka mara ya pili." Mama alifuta pua kwa upindo wa nguo. "Kalamu ilikuwa kwenye kile kitoroli. Nikasimama miguuni pake. Nikakumbuka ulimchora mkono wa kulia. Nikaunyanyua mkono wangu wa kulia hivi, nikachora upande uliolingana nao. Nikakandamiza, usije ukatoka tena."

Alikuwa ameunyanyua mkono wa kulia, anamwonyesha. Wembe aliutazama. Aliyesimama miguuni pa kitanda akimwelekea mgonjwa, kulia kwake ni kushoto kwa aliyelala. Mama, kwa umri wake wote, bado alikuwa haoni.

"Nilipoona ulivyoshtuka ulipofunua shuka, niliogopa," mama akaendelea. "Nikasema nimemuua mwanangu. Halafu wewe ukaja ukasema mmeanza na upande dhaifu. Nilimshukuru Mungu, unakumbuka nilivyolia, ukanifukuza nje. Nikasema hata kosa langu Yeye kaliongoza. Na mdogo wako alipokuwa anasita kurudi kazini, mimi ndiye niliyemwambia, nenda kafanye kazi nyepesi, dada yako hana siri, angejua kuna hatari angekufungia ndani kwa kufuli." Aliinua macho. "Sasa niambie wewe, unayejua. Nilichora palepale ulipochora, au sipo?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza Wembe swali akakosa jibu lake la ukweli, liwe chungu namna gani. Aliwaambia watu wana saratani akiwa amesimama. Mara moja tu alidanganya, ili kuuficha mkono wake, na mkono wenyewe kumbe haukuwa na hatia. Angesema kweli siku ile wodini, mama angelia palepale na kusema ni mimi niliyechora, wangecheka au wangelia, na Winchi angepelekwa kushonwa upande wa pili. Aliyafikiria hayo yote akiwa anatazama mkono wa mama yake ambao ulikuwa bado hewani.

"Palepale, mama," akasema. "Mshale wako ulikuwa sawa na wangu."

"Basi ikawaje?"

"Mimi ndiye niliyekosea toka mwanzo. Nilikuwa namsema mfagiaji. Wewe ulirudia kosa langu tu. Na nilipoligundua, nikadanganya, wasininyang'anye kisu."

Mama aliushusha mkono. Pumzi ndefu ilimtoka, na kwa kitambo uso wake ukawa kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Kisha ukabadilika.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Siku zote hizi najipiga kifua, silali, nasema Mungu nichukue na mimi. Na wewe ulikuwa unanitazama."

"Mama."

"Usiniite. Mtoto wangu alifuta matapishi yake kwa shati kwa sababu yako. Nilikuzaa kwa uchungu wa siku mbili. Laiti ungekwama." Aliuelekeza mlango kwa kidevu. "Toka. Na mkono huo usinizike."

Mama hakuificha siri aliyopewa. Aliwaambia shangazi, shangazi wakawaambia wengine, na haikuchukua muda ikafika hospitali kubwa. Daktari yule aliyehamishwa alipoulizwa alisema alifuata alama. Ruhusa ya Wembe ikafutwa. Wauguzi vijana waliokuwa wanasubiri waliambiwa wasubiri tena, na kwa miaka kadhaa mtaa ule ulisafiri mbali kwa jipu tu. Alibaki kituoni kama muuguzi wa kawaida, wa kupima joto na kugawa vidonge. Hakujitetea mbele ya mtu yeyote.

Ukweli aliusema mara moja, kwa mjane wa Winchi, mwaka aliokuwa anaumwa yeye mwenyewe na hawezi kugeuka kitandani. Aliomba usisemwe mama akiwa hai. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho, akamaliza kumbadilisha shuka, akatoka na ndoo bila kumwambia kama amemsamehe. Sasa wote wametangulia, mama na binti, na Mungu anayejua mikono yote ndiye atakayewapatanisha. Huku duniani hawakupatana.

Kulikuwa na siku moja tu walipokaribia. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mguu wake ukapata kidonda kilichoanza kuoza. Wakati huo Mdogo alikuwa amekwenda kusoma hatimaye, amerudi, na kisu kilikuwa chake. Mama aliletwa kituoni asubuhi, akakaa kwenye foleni, mwisho wa benchi, mlangoni. Wembe alimwona. Alikwenda akamwinamia.

"Shikamoo, mama. Njoo ndani, usikae hapa."

Mama alitazama mbele. Akamwambia mwanamke aliyekaa kando yake, "Mwambie huyu kwamba tumefundishwa kufuata foleni."

Zamu yake ilipofika alisema atatibiwa na Mdogo peke yake. Wembe akatoka, akasimama nyuma ya pazia la kijani, upande wa wagonjwa, amelipa benchi mgongo. Ndani alisikia mkasi, akasikia mama yake anavuta hewa kwa meno. Alijua kwa sauti tu kwamba Mdogo anakata kwa woga, anaacha nyama iliyokufa, na nyama iliyokufa ikibaki mguu utakatwa wote.

"Shuka kidogo," akanong'ona kupitia pazia. "Kata mpaka uone damu. Taratibu. Usiogope akilia."

Mkasi ulisimama, ukaanza tena, sasa kwa uhakika zaidi.

"Hapo," Wembe akanong'ona. "Sasa geuza pembeni, chini ya—"

"Binti," mama akasema huko ndani, kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia. "Mwambie huyo aliye nyuma ya pazia kwamba namsikia. Anyamaze, au nitainuka niondoke na mguu wangu."

Benchi lilimtazama. Alikuwepo jipu, alikuwepo kikohozi, alikuwepo mimba ya pili ambaye aliwahi kusemwa mpaka akalia. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanasubiri kuona Wembe atajibu nini.

Alinyamaza. Mkasi uliendelea bila yeye, kwa woga, na mwisho wa mwaka mama alikatwa mguu.